Ufunguo Unaozunguka kwa Kubembelezwa: Maswali Kuhusu Kufuli la Kuwashia Chevrolet za Zamani

Huko Marekani, Chevrolet za miaka ya 1950 na 1960 bado zipo barabarani, na nyingi zimebaki na kufuli lilelile la kuwashia lililofungwa kiwandani. Kufuli likianza kusumbua, wengi hukimbilia kununua jipya. Mimi nasema tuanze na ufunguo wenyewe. Maswali yanayofuata ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Shikamoo fundi. Nina Impala ya 1967. Ufunguo unaingia vizuri, ila hauzunguki mpaka niutikisetikise. Nimeambiwa kufuli limekufa. Ni kweli?

Marahaba. Usinunue kitu bado. Silinda ya kufuli la General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, ina vibati 6 vyembamba vya shaba, kila kimoja kikisukumwa na springi yake ndogo. Ubavuni mwa silinda kuna kifito kinachoizuia isizunguke. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake hukipeleka kila kibati kwenye kimo chake, na pengo lililochongwa pembeni mwa kibati huja mkabala na kifito. Mapengo yote 6 yakijipanga mstari mmoja, kifito huzama ndani na silinda huzunguka. Kibati kimoja kikibaki chini kidogo tu, kifito hakizami. Huko kutikisa kwako ndiko kunakovifikisha vibati kwenye kimo, kwa bahati.

Sasa shika ufunguo karibu na taa uutazame kwa ubavu. Ufunguo mzima una mabonde yenye sakafu bapa na miteremko iliyonyooka. Uliolika unang'aa kwenye vilele, na vilele vyenyewe vimekuwa vya mviringo. Tena huenda si ufunguo wa awali bali ni nakala iliyotokana na nakala nyingine, na kila mara mashine ilipofuatisha ule uliotangulia, ilichukua na ulikaji wake wote.

Basi nipeleke huu nikachongewe mwingine kama huu?

Hapana, ndugu yangu. Utapata ufunguo mpya wenye ugonjwa wa zamani. Funguo za General Motors kuanzia 1967 zina vimo 5 tu vya kuchongea, na kutoka kimo kimoja hadi kinachofuata ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa sababu vimo vinajulikana, fundi wa funguo mwenye ujuzi hupima kila bonde, akatambua kimo chake cha kiwandani, kisha akachonga kwa namba. Kama bado unayo karatasi au kipande kidogo cha chuma chenye namba ya ufunguo tangu gari lilipouzwa, mpe. Itamwondolea kazi ya kupima.

Kama ufunguo umelika kiasi kwamba haupimiki, ipo njia ninayoipenda kuliko zote. Katika Impala yako, ufunguo wa kuwashia ndio unaofungua milango ya mbele. Mlango wa abiria haufunguliwi kwa ufunguo mara nyingi kama ule wa dereva, kwa hiyo vibati vya kufuli lake huwa karibu vizima. Toa silinda ya mlango huo, fundi aisome, akuchongee ufunguo kutokana nayo. Mara nyingi ufunguo huo ukiingia kwenye dashibodi, kufuli lililosemwa limekufa huzunguka bila shida.

Nimechonga kwa namba. Pana nafuu, lakini bado linakwama. Naitoaje silinda?

Itoe mapema, wakati ufunguo bado unaweza kuizungusha. Ikigoma kabisa, itabidi fundi aichokonoe au aitoboe kwa drili.

Kwanza ondoa waya hasi wa betri. Ingiza ufunguo, zungusha kushoto hadi alama ya ACC. Usoni mwa silinda kuna kitundu kidogo. Sukuma humo waya mgumu mwembamba, hata kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kinafaa. Ukiwa umeubana waya huo, endelea kuzungusha kushoto kidogo, kisha vuta. Silinda inatoka na ufunguo wake. Isipotoka, usivute kwa nguvu. Rudi kwenye waya, maana pini haijabonyea.

Silinda ikiwa mezani, ioshe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme hadi uchafu mweusi uishe kutoka. Ingiza ufunguo mpya utazame ubavuni: utaona kwa macho yako ni pengo gani halijafika mstarini. Vibati vipya huuzwa vikiwa na namba za vimo, pamoja na springi. Kifuniko cha springi kimekazwa kwa kugongwa kingo, kwa hiyo kiinue taratibu, badilisha kibati kilicholika kwa chenye namba ileile, mahali palepale, halafu ukigonge tena kingo. Wapo wanaokitupa kibati kinachokwama au kukipiga tupa ili mambo yaende. Mimi sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Kila kibati unachokiondoa ni mlango mmoja zaidi kwa mwizi, na gari la aina hii halipatikani tena kiwandani.

Kama mwili wa silinda wenyewe umepasuka au umelegea, hapo sasa nunua mpya, lakini omba ipangwe kufuata ufunguo wako, usije ukabeba ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia.

Langu linawaka nikizungusha, ila nikiuachia tu ufunguo injini inazima. Hilo nalo ni kufuli?

Mara chache sana. Kufuli ni sehemu ya chuma tu. Nyuma yake ipo swichi ya umeme, na hiyo ni kifaa kingine. Katika mengi ya magari haya yenye pointi za kuwashia, wakati stata inazunguka, koili hupata umeme kamili wa betri kupitia waya unaotoka kwenye solenoidi ya stata. Ukiachia ufunguo, umeme hupita njia ya pili: kwenye swichi, halafu kwenye waya maalumu wenye ukinzani. Injini ikizima wakati huohuo, njia ya pili imekatika. Pima kwa mita upande wa kutokea wa swichi, ufunguo ukiwa ON. Umeme ukikosekana hapo, swichi imekufa. Ukiwapo hapo lakini haufiki kwenye koili, tafuta kwenye waya.

Ukiwa umeshaitoa silinda, unaweza pia kurudisha waya wa betri na kuizungusha swichi yenyewe kwa bisibisi bapa. Ikifanya kazi vizuri hivyo, lawama ni ya silinda.

Chevrolet yangu ya 1957 inawaka bila ufunguo kabisa. Kufuli limelika kiasi hicho?

Huenda ni zima. Gari hilo liliundwa hivyo: ukichomoa ufunguo kwenye OFF, masikio ya swichi yanabaki huru na mtu yeyote anaweza kuwasha. Ili lifunge kweli, zungusha hadi LOCK ndipo uchomoe. Likizunguka hata baada ya hapo, ndipo useme limelika.

Nitie oili gani?

Usitie oili. Hunasa vumbi na kuganda, hasa kwenye baridi kali. Weka unga wa grafiti, kidogo sana, uingize na kuutoa ufunguo mara kadhaa. Na upunguze mzigo kwenye shada la funguo. Uzito unaoning'inia hukisugua kibati kila gari linaporuka shimo.

Mimi nina Chevelle ya 1969. Kufuli liko kwenye usukani, na ufunguo unachomoka injini ikiwa inanguruma.

Acha kuliendesha mpaka litengenezwe. Mwaka huo General Motors walihamishia kufuli kwenye mhimili wa usukani, na likafunga usukani pia, kabla sheria ya shirikisho haijawalazimisha watengenezaji wote kuanzia 1 Januari 1970. Kwa hiyo kufuli bovu hapa linagusa uwezo wako wa kukata kona.

Silinda haitoki kwa kibanio cha karatasi. Lazima utoe usukani, ubane bamba la kufungia, usogeze swichi ya taa za kuashiria, ndipo uifikie klipu yake. Tumia kivutio cha usukani, kamwe usigonge kwa nyundo: mhimili huo umeundwa ujikunje dereva anapogonga kitu, na pini zake za plastiki hukatika kwa nyundo. Ukishamaliza, gari likiwa limesimama, jaribu kuchomoa ufunguo kwenye RUN. Haupaswi kutoka. Kisha hakikisha usukani haujifungi mpaka ufunguo ufike LOCK.