Kimbunga Hupata Wapi Nguvu Zake?

Hapa Kanama upepo ukiezua bati moja tu, watu husema, "Kimbunga kimepita." Nataka kueleza kwa kifupi kimbunga cha kweli ni kitu gani.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Hewa yenye mvuke hupanda. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na hewa ya katikati huzidi kuwa nyepesi. Basi hewa ya pembeni hukimbilia pale. Lakini haiendi moja kwa moja, kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka. Kusini mwa Ikweta hewa hiyo huzunguka kama mishale ya saa.

Pitisha uzi katika kipande cha mwanzi, funga kijiwe mwishoni, ukizungushe juu ya kichwa, kisha vuta uzi chini. Utaona kijiwe kinazunguka upesi zaidi. Ndivyo ilivyo hewa inapovutwa katikati. Na mzunguko ukiwa na nguvu, hulizuia joto lisitawanyike. Kwa hiyo kimbunga kilichokwisha kujikaza huweza kukua upesi sana.

Hudhoofika vipi? Pepo za juu zikienda mbali na zile za chini, nguzo yake huinama na kuvunjika. Kikikawia mahali pamoja, huvuruga bahari na kuleta juu maji baridi. Kikifika nchi kavu hukosa mvuke.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Mei 2024 Hidaya kilipoteza nguvu karibu na Mafia tarehe 4, lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Upepo kupungua si hatari kwisha.

Kwetu hakifiki. Tuko chini ya nyuzi 2 kutoka Ikweta, ambapo dunia haiwezi kuizungusha hewa vya kutosha, na ziwa Kivu ni dogo mno. Lakini tusijisifu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika bila kimbunga chochote, na katika Rwanda watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Basi, sisi wa milimani tusingoje upepo ndipo tuogope; tuitazame mvua, na tuhame bondeni mapema.