Harufu ya Mvua ya Kwanza: Somo Kutoka Udongo wa Dodoma

Ifikapo mwezi Novemba, ardhi ya Kizota, jijini Dodoma, huwa imekaa miezi kama sita bila mvua ya maana. Vumbi hutanda juu ya majani ya miarobaini na mabati ya nyumba. Kisha siku moja matone machache hudondoka, na kabla nguo hazijaanuliwa kambani, harufu ya udongo huwa imekwisha kuingia ndani. Wengi huivuta mara moja na kuendelea na shughuli zao. Hata hivyo, harufu hiyo ina mengi ya kufundisha.

Kwa sehemu kubwa hutokana na kemikali iitwayo jeosmini, jina lililotolewa mwaka 1965 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ardhi na harufu. Hutengenezwa na bakteria waishio udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces. Tone la mvua linapogonga udongo mkavu hunasa viputo vya hewa. Viputo hivyo hupanda, hupasuka na kurusha chembe ndogo mno zilizobeba harufu. Pua ya binadamu huitambua jeosmini hata ikiwa kidogo sana hewani.

Jamii hiyo hiyo ya bakteria imewanufaisha wagonjwa wengi. Mwaka 1943, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, aligundua streptomaisini kutokana na bakteria wa udongoni. Ikawa antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, streptomaisini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika.

Lakini kwa baadhi ya wajawazito, harufu hii huamsha hamu ya kula udongo. Hamu hiyo si utovu wa adabu, wala haistahili kuchekwa. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuzidisha tatizo: huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na huweza kubeba mayai ya minyoo. Udongo uliokaushwa na kuuzwa sokoni nao si salama kwa sababu tu umekauka.

Hivyo, mama mwenye hamu hiyo amweleze mhudumu wa kliniki bila kuona haya, apimwe wingi wa damu na kutumia vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Jamaa wa nyumbani nao watazame dalili ndogo: viganja na sehemu ya ndani ya kope vilivyopauka, uchovu, na kuhema kwa kazi nyepesi. Dalili hizo zisisubiri tarehe ya kliniki.

Harufu ya mvua ya kwanza ni ya kufurahiwa na pua; udongo wenyewe ubaki shambani.