Kuzuru Ombaci: Hukumu Yake na Funzo Lake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ikitajwa ziara ya kwenda Ombaci, karibu na mji wa Arua, maswali mawili huzuka kati yetu wanafunzi. La kwanza: inafaa Muislamu kusimama kwenye kaburi la pamoja lililo katika eneo la misheni ya Kikatoliki? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: mambo ya vita vya zamani tuyafukue ya nini? Tuyajibu yote mawili.

1. Yaliyotokea

Idi Amin aliondolewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, lilipokuja kuwarudisha nyuma, halikuishia kwa wenye silaha. Lilichoma nyumba na kuua raia, kwa kuwa tu walitoka upande mmoja na Amin. Watu mamia ya maelfu wakayaacha makwao wakakimbilia Zaire na Sudan. Kwa mtu wa Koboko, mji ulio jirani na mipaka yote miwili, kuvuka ndiko kulikokuwa kupona.

Wengine walijihifadhi kwenye misheni ya Ombaci. Tarehe 24 Juni 1981, siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1401 Hijria, askari wa UNLA waliwafyatulia risasi humo humo. Idadi ya waliouawa inayotajwa sana ni 97. Mnara wa kumbukumbu uliopo leo ni wao.

2. Hukumu ya kuzuru

Imam Muslim amepokea kwa Burayda (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu. Amepokea pia kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliomba idhini ya kumwombea mama yake maghfira, hakupewa, akaomba idhini ya kulizuru kaburi lake, akapewa. Wanazuoni wametoa hapa kwamba kuzuru ni jambo moja na kuomba maghfira ni jingine. Kuzuru kaburi la asiye Muislamu kwa ajili ya mazingatio kunafaa. Kumwombea maghfira hakufai, kama ilivyo katika Surat At-Tawba, aya ya 113.

Wapo wanaotoa hoja kwa Hadithi ya Hijr, pale Mtume (s.a.w.) alipowakataza Masahaba kuingia makazi ya Thamud ila wakiwa wanalia. Qiyasi hiyo haisimami. Thamud waliangamizwa kwa dhulma yao wenyewe; waliolala Ombaci ndio waliodhulumiwa. Linalofanana zaidi na hali yetu ni lile la jeneza la Myahudi lililopita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama hiyo nayo si nafsi.

Na kama mgeni hajui nani kati ya waliozikwa alikuwa Muislamu? Madhehebu ya Shafi yameliangalia jambo hili. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba maiti za Waislamu zikichanganyika na za wengine, husaliwa wote kwa nia ya kuwakusudia Waislamu. Nasi tukisimama pale, dua ya maghfira tuiombe kwa nia hiyo hiyo.

Adabu zinazobaki ni nyepesi: kutoswali kuelekea kaburi, kutolipangusa kwa kutafuta baraka, kutopiga picha za mizaha, na kuwapa pole wafiwa tunaowakuta, wawe wa dini yoyote.

3. Kwa nini tukumbuke

Surat Al-Hajj, aya ya 39 na 40, inawataja waliotolewa majumbani mwao bila ya haki, kisha inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kuwa ni mahali ambapo Mwenyezi Mungu huzuia pasibomolewe kwa kuwakinga watu wao kwa wao. Anayeisoma aya hii hawezi kusema kilichotendeka misheni ni cha Wakatoliki peke yao.

Lakini funzo kubwa zaidi limo katika Surat Al-An'am, aya ya 164: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Dhulma ya Ombaci ilianza kabla ya risasi, pale watu walipohesabiwa kuwa na hatia kwa kabila na mahali walipozaliwa.

Na aya hiyo inatubana sisi pia. Mwaka 1971, chini ya utawala wa Amin, askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini kwa ajili ya kabila lao. Aliyekuja kulipiza West Nile miaka kumi baadaye alifanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Basi ukitoka Ombaci umemchukia mwenzako wa darasani kwa sababu ni Mwacholi, hujazuru. Umeongeza kiungo kwenye mnyororo ule ule. Surat Al-Maida, aya ya 8, imekataza chuki juu ya watu isitufanye tukaacha uadilifu.

4. Baada ya ziara

Wazazi wetu wengi walipokelewa Zaire na Sudan wakiwa hawana kitu. Leo Wakongo wako kambi ya Lobule, Koboko, na Wasudani Kusini wako Bidi Bidi, Yumbe. Tukirudi, kila mmoja afanye mawili: amwulize mzee wa nyumbani alivuka wapi na nani alimpokea, aandike jibu lake, kisha jumuiya ipange kuwatembelea wakimbizi walio karibu nasi.

Ewe Mola, warehemu Waislamu waliouawa kwa dhulma, wafariji waliofiwa, utulinde tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.