Dondoo Muhimu: Mbwa Asichoshwe na Viunzi

Ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vikwazo kwa kasi, ulianza kama burudani ya mapumziko kwenye maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1978. Ukiugeuza adhabu, mbwa atakuachia uwanja.

• Zoezi liwe fupi. Dakika 5 za kukimbia kwa ari zinatosha, kisha apumzike. Acha angali anataka kuendelea.

• Tuzo itolewe mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbwa hufuata panapotoka kitamu: ukimlisha kila mara mkononi, atatoka kwenye handaki akikukodolea macho wewe badala ya kutazama kiunzi kinachofuata. Rusha mpira mbele yake pale kichwa kinapochomoza tu. Kwenye fito za kupenya, ambazo mbwa huziingia ufito wa kwanza ukiwa upande wa bega lake la kushoto, weka tuzo mwisho wa mstari. Anza na fito chache. Hizo 12 za mashindano zitakuja.

• Akikosea, usimfokee wala kumrudisha tena na tena. Mara nyingi ni wewe uliyechelewa kugeuza mabega kumwonyesha njia. Malizia mbio, kisha rahisisha.

• Akianza kunusanusa nyasi au kujikuna ghafla, usidhani ni ukaidi. Huenda amechanganyikiwa au amechoka. Vutaneni kamba kidogo.

• Jua likiwa kali, ahirisha. Na mtoto wa mbwa avuke ufito uliolazwa chini tu, hadi mifupa ikomae.