Kazi ikizorota, si uvivu kila mara

Mama mmoja anayeshona vitambaa vya makochi katika karakana ya samani karibu na Dagoretti Corner alikuja kwangu akiwa na barua ya onyo mkononi. Hakuja kutibiwa. Alitaka nimwandikie karatasi ya kumwonyesha mwajiri kwamba yeye si mvivu. Barua ilisema kuwa mwaka uliotangulia alikuwa akimaliza foronya 20 kwa siku, na sasa hazizidi 12. Alipewa mwezi mmoja ajirekebishe.

Nilimvuta ukope wa chini wa jicho nikaona ndani pamepauka kabisa. Damu yake ilipopimwa ilikuwa gramu 7 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hapaswi kuwa chini ya 12. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akitokwa na damu nyingi mno kila mwezi. Hakumwambia mtu, kwa maana msimamizi wake ni mwanamume, na hata nyumbani aliona haya. Tulitibu chanzo cha kutokwa na damu, tukampa tembe za madini ya chuma. Baada ya miezi mitatu alikuwa akishona foronya 19.

Mpenzi msomaji, mwajiri huyo hakusema uongo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila alikosea kuifasiri. Hesabu ya kazi ni kama kipimajoto. Kitakuonyesha kwamba mtu ana homa, lakini hakitakwambia kama ni malaria, homa ya matumbo au nimonia. Ndiyo sababu kabla ya kumhukumu mfanyakazi, au kujihukumu wewe mwenyewe, ni lazima kutafuta chanzo.

KAZI HUPIMWAJE?

Kwa kawaida waajiri huangalia mambo manne: wingi wa kazi, ubora wake, muda unaotumika na siku ambazo mtu amefika kazini. Fundi huhesabiwa viti, karani huhesabiwa faili, mchumaji chai hupimiwa kilo kwenye mizani.

Kipimo kinachodanganya kuliko vyote ni mahudhurio. Mtu anaweza kufika kila siku saa mbili kamili asubuhi, akaketi mezani hadi jioni, na kumbe mwili wake haukufanya hata nusu ya kazi. Wagonjwa wengi huogopa kukosa siku hata moja, basi hujikokota hivyo hivyo hadi waanguke.

MIZANI YA KERICHO

Ushahidi mzuri tunao hapa Kenya. Mwaka wa 2004 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa rekodi za wachumaji chai wa Kericho waliofariki au kustaafishwa kwa sababu ya ukimwi kati ya 1997 na 2002. Rekodi zao zililinganishwa na za wenzao waliofanya kazi katika mashamba yaleyale.

Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, wagonjwa hao walichuma pungufu ya wenzao kwa kilo 4 hadi 8 hivi kwa siku. Walichukua siku zaidi za ruhusa ya ugonjwa na za likizo, na mara nyingi zaidi walipewa kazi nyepesi. Katika mwaka wa mwisho mapato yao yalikuwa chini kwa takriban asilimia 18. Ina maana kwamba mizani iliona ugonjwa mapema, na mgonjwa akapoteza pesa wakati ambapo alizihitaji zaidi.

Habari njema ni kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika, uchunguzi mwingine wa wachumaji wa huko ulionyesha kwamba siku zao za kuchuma ziliongezeka tena baada ya kuanza matibabu. Mkono uliokuwa umelegea ulirudi kazini.

MAMBO YANAYOPUNGUZA NGUVU YA KAZI

1. Upungufu wa damu. Damu ndiyo hubeba hewa safi hadi kwenye misuli. Ikipungua, mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio na ngazi humshinda. Huko Indonesia, uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 1979 ulionyesha kwamba wagema mpira wenye upungufu wa damu walivuna kidogo kuliko wenzao, na walipopewa madini ya chuma kwa siku 60 wakawafikia. Kula maharagwe, ndengu, terere, na nyama au maini ukiweza, pamoja na chungwa au limau. Usinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja kama saa moja. Usinunue tembe kiholela. Mwanamume mwenye upungufu wa damu, hasa, ni lazima achunguzwe, kwani huenda anavuja damu tumboni bila kujua.

2. Njaa. Wako wengi wanaotoka Kawangware au Ngando alfajiri na kwenda kwa miguu hadi Industrial Area ili kuokoa nauli, kisha hunywa chai kavu na kungoja hadi saa saba. Mwili ambao umekwisha kutumia akiba yake njiani hauna cha kutoa kazini. Uji mzito au viazi vitamu kabla ya kuondoka ni sehemu ya vifaa vya kazi, sawa na nyundo.

3. Macho. Kuanzia miaka 40 hivi, wengi wetu hatuoni vizuri vitu vya karibu. Fundi cherehani hushindwa kutia uzi kwenye sindano, naye karani hukosea tarakimu. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji wenye umri huo walipewa miwani ya kusomea. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba kazi yao ilizidi ya wenzao wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Hawakuongezewa nidhamu wala vitisho. Walipewa miwani tu.

4. Usingizi. Mwaka wa 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi hukataza kuendesha gari. Piga hesabu: aliyeamka saa kumi alfajiri hufikia hapo saa tatu usiku. Dereva wa matatu, askari wa usiku mwenye kibarua cha mchana, na mama anayenyonyesha, wote wako katika hatari hiyo.

5. Mfadhaiko wa akili. Mtu aliyefiwa, anayedaiwa kodi au anayepigwa nyumbani huja kazini na mzigo usioonekana. Akikosa usingizi, akikosa hamu ya chakula na asipofurahia kitu chochote kwa zaidi ya wiki mbili, huo ni ugonjwa na una matibabu. Pombe haiuondoi. Huuficha usiku na kuuongeza asubuhi.

KWA MWAJIRI

Sisemi kwamba wavivu hawapo, wala kwamba kila kosa ni ugonjwa. Pengine mfanyakazi hakufundishwa kazi, mashine ni mbovu, mwanga ni hafifu, au mshahara umecheleweshwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua, jiulize: Je, nimemlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana au na mwenzake mwenye nguvu? Ni kitu gani kilibadilika kazi ilipoanza kushuka? Je, nimemwita faraghani nikamuuliza?

Sheria pia inakutaka uulize. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa kazi duni au kwa kukosa uwezo wa kimwili, sharti umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua, na usikilize utetezi wao. Kifungu cha 30 kinampa aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ruhusa ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Na usimdai daktari akutajie ugonjwa wenyewe. Yakutosha kujua kama mtu anafaa kwa kazi, na apumzike hadi lini.

KWA MFANYAKAZI

Ukiona kazi uliyoimudu jana inakushinda leo, usingoje barua. Nenda hospitali ikiwa uchovu umezidi wiki mbili, ukihema kwa kupanda ngazi, ukipungua uzito, ukikohoa na kutoka jasho usiku, au ukienda haja ndogo mara kwa mara huku una kiu isiyokatika. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma. Kupima damu, presha na sukari huchukua muda mfupi.

Na ukiwa na jambo la siri, kama yule mama wa makochi, limwambie daktari. Kuliweka moyoni kulimfanya ahangaike mwaka mzima, na nusura apoteze kazi kwa ugonjwa unaotibika.