Kuuhifadhi Mshororo: Uwekaji wa Alama katika Matini ya Ushairi

Nilipokuwa nikikusanya nyimbo za Wapokomo huko Tarasaa, karibu na Garsen, niliandika kwa simu, kila mshororo katika mstari wake. Nilipozihamishia nyimbo hizo katika kompyuta na kuzigeuza kuwa ukurasa wa kusomwa, beti zote ziligeuka aya za nathari. Kwa haraka zangu nilikuwa nimekwisha kuifuta matini ya kwanza. Hakuna neno lililopotea. Kilichopotea ni umbo, na katika fasihi simulizi mshororo hukomea pale mwimbaji anapotua.

Matini ile ilifuata Markdown, utaratibu wa alama uliotolewa mwaka 2004 na John Gruber wa Marekani, akishirikiana na Aaron Swartz. Lengo lake ni matini isomeke hata kabla ya kugeuzwa. Neno likiwekewa kinyota kila upande, *hivi*, hutokea kwa herufi za mlazo. Alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa. Alama ya > hufanya nukuu. Hayo hayana ugumu.

Penye mtego ni mwisho wa mstari. Utaratibu huu uliundwa kwa ajili ya nathari, hivyo mistari inayofuatana huunganishwa kuwa aya moja. Mstari mtupu huanzisha aya mpya, na kwetu sisi huo ndio ubeti mpya. Lakini mishororo iliyo ndani ya ubeti huhitaji alama yake, nayo ni nafasi mbili tupu mwishoni mwa kila mshororo. Binafsi siipendi njia hii: nafasi haionekani, na mhariri mwenye nia njema huifuta. Katika kanuni za CommonMark, zilizotolewa mwaka 2014, mkwaju wa kinyume (\) mwishoni mwa mshororo hufanya kazi iyo hiyo, nao waonekana.

Nambari za beti nazo zina hila. Tuseme wanukuu ubeti wa 7, wa 9 na wa 14, kila mmoja ukianza kwa nambari na nukta. Kompyuta hudhani ni orodha, ikazihesabu upya: 7, 8, 9. Markdown ya awali ilianzia 1 kabisa! Msomaji atakayeurejelea mswada atakuta ubeti mwingine. Andika 7\. na nambari itabaki ilivyo.

Wanakili wa tendi za kale walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, ubeti wenye vipande vinne vya mizani nane uliandikwa katika mstari mmoja, na vipande vikatengwa kwa alama ndogo zilizochorwa kwa mkono. Mstari ulikuwa mmoja, lakini hakuna aliyeudhania nathari.

Nyimbo zangu nyingi nilizirekebisha kwa kusikiliza rekodi upya. Mmoja haukuwa na rekodi, kwa kuwa bibi aliyeuimba hakupenda sauti yake ichukuliwe. Kwa ajili ya huo nilirudi Tarasaa, nikamwomba auimbe tena.