Udogo wa Mti Si Utoto Wake: Somo la Bonsai na Visiki vya Kibondo na Kasulu

Mwanafunzi akiulizwa umri wa mti, aghalabu hutazama kimo chake. Mti mrefu huuita mzee, na ule unaomfika magotini huuita mche. Darasani kosa hili ni dogo, lakini porini laweza kugharimu msitu mzima. Katika makala haya tutachunguza sababu zinazoufanya mti ubaki mfupi. Tutaanza na miti ya bonsai inayolelewa chunguni, kisha tutaingia katika miombo ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Mwishoni wanafunzi wataonyeshwa namna ya kufanya uchunguzi wao wenyewe kwa kamera.

Mti wa chunguni

Bonsai ni neno la Kijapani lenye maana ya kupanda katika chombo kipana kisicho na kina kirefu. Sanaa hii ilianzia China, kisha ikastawishwa sana Japani. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilitembelea kitalu kilicholea bonsai za miti ya nchi za joto, mingi ikiwa ya jamii ya mikuyu. Nilipewa ruhusa ya kuipiga picha za video. Katika kioo cha kamera niliona mkuyu mkubwa wenye shina nene na mizizi inayoning'inia kutoka matawini, mfano wa ile inayotoa kivuli vijijini kwetu. Ghafla mkono wa mtunza kitalu ukaingia katika picha kuondoa jani lililonyauka, nao ulikuwa mkubwa kuliko nusu ya mti. Hapo nilijifunza kwamba picha isiyo na kipimo inaweza kudanganya.

Je, mti huo hufanywaje uwe mfupi? Watu wengine hudhani kuwa bonsai ni mbegu ya aina ya pekee. Sivyo. Mbegu ya bonsai ikipandwa ardhini, huota mti wa kimo cha kawaida, kwa kuwa urithi wake haukubadilishwa. Udogo wake hutokana na kazi ya mikono ya mtunzaji. Kwanza, udongo wa chunguni ni haba, kwa hiyo maji na chumvichumvi zinazoufikia mti ni haba pia. Pili, kila baada ya muda mti hutolewa na sehemu ya mizizi yake kukatwa. Tatu, ncha za matawi hukatwa mara kwa mara.

Kazi hii ya tatu yataka maelezo. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia matumba ya pembeni yasichipue. Ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na matumba yaliyokuwa yamelala huamka. Badala ya kurefuka, mti hutawanya matawi mengi mafupi. Kwa njia hii mizizi na matawi hupunguzwa pamoja, uwiano wake ukabaki sawa, na mti ukaendelea kuishi miaka mingi.

Mfano mashuhuri ni msonobari wa Kijapani wa ukoo wa Yamaki, ulioanza kulelewa kwa njia hii mwaka 1625. Mti huo ulinusurika bomu la atomiki la Hiroshima mwaka 1945, nao ulitolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Ulipofika Washington ulikuwa umetunzwa kwa miaka 350, na bado hakuna mtu aliyehitaji ngazi ili kukifikia kilele chake.

Miti mifupi ya miombo

Sasa tuje Kigoma. Msafiri atokaye Kasulu kwenda Kibondo hupita katika nchi ya miombo. Mvua huanza kunyesha mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kisha hufuata kiangazi kirefu, na moto hupita katika nyasi. Kando ya njia zimo mbuga ambazo mtu huziona kuwa vichaka tu. Akiinama na kutazama kwa makini, atakuta udogo wa namna tatu.

Namna ya kwanza ni udogo wa urithi. Katika ukanda wa miombo imo mimea ambayo mashina yake ya miti hujificha ardhini, ikatoa majani na maua tu juu ya udongo. Mtaalamu wa mimea Frank White, katika makala yake ya mwaka 1976, aliiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Mimea hii haitakuwa mirefu hata ikilindwa.

Namna ya pili ni udogo wa kungoja. Mche wa mninga, mti unaotupatia mbao bora, hukauka sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zinaponyesha. Hufanya hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi wake ukinenepa na kuweka akiba ya wanga. Akiba ikitosha, hutoa chipukizi lenye nguvu linaloupita urefu wa moto wa nyasi. Kwa hiyo mninga unaofika magotini waweza kuwa na umri wa mwanafunzi anayeutazama.

Namna ya tatu ni udogo wa visiki. Miti ya miombo ikikatwa kwa ajili ya kuni, mkaa, mashamba au kukaushia tumbaku, wengi wa visiki vyake huchipua. Panga, moto na mbuzi huyakata machipukizi hayo mwaka hadi mwaka, kama mikasi ya mtunza bonsai. Lakini iko tofauti moja kubwa: mizizi haikuguswa. Bonsai ina mizizi michache na matawi machache. Kisiki kina mizizi ya mti mzima na matawi ya mche. Mtu akihesabu pete za chipukizi, atapata miaka tangu mti ulipokatwa mara ya mwisho, wala hatapata umri wa mzizi.

Kosa nililolifanya

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika shule moja ya nyanda hizo kusaidia siku ya upandaji miti. Kiwanja kilikuwa na vichaka, nami nikaagiza ving'olewe ili tupate nafasi ya miche ya kitaluni. Mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi, alinijia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo mnayong'oa ni miti. Nilichunga mbuzi hapa ikiwa mirefu." Nilimshukuru, lakini sikusimamisha kazi. Vijana wawili walitumia asubuhi nzima na sururu kung'oa mzizi mmoja mnene kama paja. Miche tuliyoipanda ilikuwa na mizizi ya urefu wa kiganja. Kiangazi kilipofika, karibu yote ilikauka. Tulikuwa tumetupa akiba ya miaka mingi ili kupanda kitu cha miezi michache, na aliyetoa amri hiyo ni mtu aliyesomea mimea hadi shahada ya uzamivu.

Kisiki hai

Jambo hili limekwisha kutambuliwa mahali pengine. Nchini Niger, mwaka 1983, Tony Rinaudo wa Australia alikuwa akihangaika na miche iliyokuwa ikifa, alipotambua kwamba vichaka vya jangwani vilikuwa visiki vya miti. Wakulima walipoanza kuvitunza, miti ilirudi katika hekta zipatazo milioni 5. Hapa Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 na kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike, na miti ikachipua. Mkoani Dodoma njia ya kutunza machipukizi imeenezwa kwa jina la kisiki hai.

Hatua zake ni rahisi. Chagua kisiki kilicho hai. Bakiza machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, ukate mengine. Pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyabakiza. Weka alama ionekane na mwenye panga na mchungaji. Kisha linda, hasa dhidi ya moto wa Septemba na Oktoba, ambao ni mkali kuliko ule wa mwanzo wa kiangazi.

Hata hivyo tusipotoshe somo. Miche ya kitaluni ina kazi yake, hasa mahali ambapo visiki vimekwisha kung'olewa au kufa. Tena si kila mti huchipua: misindano tunayopanda kwa kawaida haichipui ikikatwa. Tangu miaka ya 1990, wilaya hizi zilipopokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo, mahitaji ya kuni yameongezeka kwa wageni na wenyeji. Hapana budi kila mzizi ulio hai uhesabiwe.

Uchunguzi kwa kamera

Chagueni visiki sita karibu na shule. Vitatu vitunzwe kwa hatua zilizoelezwa, vitatu viachwe kama vilivyo. Mbele ya kila kisiki, hatua tano, simikeni kigingi. Kila mwezi mpige picha kutoka kigingi hicho, kwa kimo kilekile na kuelekea upande uleule. Kamera ya simu yatosha. Kando ya kisiki simamisheni fimbo yenye alama za sentimita kumikumi, ili msidanganyike kama mimi mbele ya mkuyu wa chunguni. Andikeni tarehe, urefu wa chipukizi refu kuliko yote, na dalili zozote za moto au mifugo. Baada ya mwaka mmoja pangeni picha kwa mfuatano na kuchora grafu.

Maswali

1. Kwa nini mbegu ya bonsai haioti bonsai?
2. Eleza kazi ya oksini katika mti uliokatwa ncha.
3. Chipukizi la kisiki na mche wa kitaluni vina kimo sawa mwezi Desemba. Kipi kitavumilia kiangazi, na kwa nini?
4. Kabla ya kusafisha kiwanja cha shule, mtamwuliza nani habari za vichaka vilivyopo?